Kujitoa na Kutolewa

Ugonjwa wa Ebola ulipotangazwa hapa Kampala tarehe 30 Januari 2025, swali lililosikika kila mahali lilikuwa moja: Je, dawa ipo? Wachache mno waliuliza dawa ya namna hiyo hutoka katika mwili wa nani. Swali hilo la pili ndilo tunalotaka kuliweka mbele ya wasomaji.

Kirusi kilichoingia Kampala kilikuwa cha aina ya Sudan. Dawa mbili zilizokwisha kuthibitishwa ni za aina ya Zaire, na zilijaribiwa kwa jirani zetu wa Kongo ya mashariki, Beni na Butembo, tangu Novemba 2018 hadi Agosti 2019. Zote mbili ni kingamwili, yaani protini ambazo mwili huziunda ili kumkabili adui aliyeuingia. Katika kila wagonjwa 100 waliopewa mojawapo, takriban 65 walipona. Dawa ya kwanza asili yake ni damu ya mtu aliyenusurika Ebola mjini Kikwit mwaka 1995. Ya pili ilitokana na panya waliobadilishwa chembe za urithi, wakaunda kingamwili zinazofanana na za binadamu.

Watu husema kwamba panya hao "wamejitoa mhanga" kwa ajili yetu. Sisi walimu wa Kiswahili hatuna budi kuisimamisha sentensi hiyo. Kiambishi -ji- hurudisha tendo kwa mtendaji mwenyewe. Mtu wa Kikwit aliombwa, akakubali, akanyosha mkono: huyo alijitoa. Panya hakuombwa. Alitolewa, na waliomtoa ni sisi. Aliyeificha kauli ya kutendwa ndani ya -ji- amekosea sarufi, na tena amejisamehe bila kuomba msamaha.

Mambo haya si mageni. Mwaka 1890 Behring na Kitasato walionyesha kwamba damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu yaweza kumkinga mwingine. Hata leo dawa ya sumu ya nyoka hutoka hasa kwa farasi: hudungwa sumu kidogo kidogo kwa majuma mengi, kisha hutolewa damu, tena na tena. Na karibu na hapa, katika msitu wa Zika ulio kando ya barabara ya Entebbe, watafiti waliweka nyani katika vizimba juu ya miti ili kutafuta homa ya manjano. Aprili 1947 mmoja alishikwa na homa, na damu yake ilipodungwa katika bongo za panya, kirusi kipya kikapatikana. Msitu ulikipa kirusi jina. Nyani alibaki na namba, 766.

Atatokea wa kutucheka: mla kuku wa kuchoma wa Wandegeya anamlilia panya? Hoja hiyo ina nguvu, lakini inathibitisha tu kwamba sisi ni vigeugeu. Haithibitishi kwamba panya hana haki. Nasi hatusemi dawa ikataliwe. Mtoto akiumwa na nyoka, tutaipokea chupa ile kwa mikono miwili. Tunasema kwamba dharura ni udhuru, si ruhusa, na udhuru hudumu kadiri dharura inavyodumu.

Mwaka 2020 maabara ya Umoja wa Ulaya inayoshughulikia njia mbadala ilipendekeza kwamba wanyama wasitumiwe tena kuundia kingamwili, kwa kuwa zaweza kuchaguliwa katika chupa kwa kutumia virusi vya bakteria. Wataalamu wengine walipinga, wakasema njia hiyo haijatosha kwa kila kazi. Kuhusu farasi wa sumu ya nyoka, twakubali kwamba bado anahitajika. Lakini kingamwili nyingi hazimtibu mtu yeyote; hununuliwa kwa ajili ya kupima na kutia alama maabarani, na juu ya chupa huandikwa jina la mnyama: sungura, mbuzi, panya. Mwanafunzi wetu atakayeshika chupa hiyo kesho, na aulize kama sungura yule alilazimika kutolewa.