Mwisho wa Hadithi ni Mali ya Nani?

Hapa Kongowe, Kibaha, kando ya barabara iendayo Morogoro, kipo kibanda cha kuonyeshea filamu. Usiku mmoja nilikuwamo. Filamu ilikwisha bila mwovu kuadhibiwa, na mzee mmoja akainuka, akajifuta vumbi, akasema: "Hii haina mafunzo."

Kauli hiyo hunirudia kila niifikiripo filamu ya Rafiki, ya Wanuri Kahiu wa Kenya. Imetokana na hadithi fupi ya Mganda Monica Arac de Nyeko, iliyopata Tuzo ya Caine mwaka 2007. Kena na Ziki, wasichana wawili wa Nairobi, wanapendana. Baba yake Kena ni mwenye duka dogo. Kwao Ziki kuna ukwasi zaidi. Na baba hao wawili wanagombea kiti kimoja cha siasa.

Mwaka 2018 Rafiki ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kuonyeshwa katika tamasha la Cannes. Nyumbani, katika nchi ambayo sheria yake huweka kifungo cha hadi miaka 14 kwa mapenzi ya jinsia moja, bodi ya filamu iliipiga marufuku. Septemba ya mwaka huo Mahakama Kuu iliifungulia kwa siku 7, na watazamaji wakafurika. Mwaka 2020 mahakama hiyohiyo ikaunga mkono marufuku. Kwa maelezo ya Kahiu, alitakiwa aubadili mwisho, kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno. Alikataa.

Hapo ndipo penye swali langu. Kumbe kisa chenyewe kingevumilika, lau kingemalizika kwa majuto.

Simdharau mzee wangu wa kibandani. Ushairi wetu wa pwani umelelewa na wasia. Mwana Kupona alimtungia bintiye utenzi mzima wa kumuusia. Jamii ina haki ya kufunza. Lakini mwenye kuusia husema kwa kinywa chake, na mwenye kuusiwa huachiwa moyo wake aupime wasia. Anayemshurutisha mtunzi abadili mwisho hafunzi. Anamnyima msikilizaji nafasi ya kupima.

Tena, adhabu imo tayari katika filamu hiyo. Wasichana wanapigwa na kundi la watu, wanafikishwa polisi. Kisha Ziki anapelekwa London na wazazi wake. Kena anabaki mtaani, machoni pa waliompiga. Kosa lililodaiwa ni moja, ila mwenye uwezo amepata safari na asiye nao amepata kukaa. Ikiwa adhabu ni mafunzo, hayo yanatufunza nini, ila kwamba hata aibu ina bei yake?

Nina sababu ya kuuliza. Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja wa jirani alifukuzwa kwao kwa tetesi za namna hiyo. Hakuwa na London ya kupelekwa. Aliondoka kwa miguu na mfuko mmoja. Baada ya muda ikasemwa kwamba amekufa kwa maradhi mjini. Watu waliisimulia habari hiyo kwa utulivu, kama waliokifunga kitabu. Nami niliisimulia.

Siku moja mama yake alinikuta peke yangu, akaninong'oneza: "Mwanangu, jana amenipigia simu. Mzima, na kazi anayo."

Nikamuuliza, mbona hawaambii watu?

"Niwaambie yu hai, ili wamtafutie kifo kingine?"

Sikuwa na jibu. Mzee wetu alitaka mafunzo, na huenda ndiyo haya: tumezoea mno kuwatungia wenzetu mwisho, hata uhai wao ukitufikia tunauona kama kosa la mtunzi. Mama yule bado hupokea salamu za pole. Huitikia, "Nimeshapoa," akaingia ndani kuisubiri simu.