Hodi Isiyobagua

Je, kumwuliza mtu unayemfahamu "U nani?" ni kumtukana? Swali hili limenikaa moyoni kwa sababu ya kazi yangu ya kufunga mitambo ya mtandao wa kompyuta.

Kwa kawaida, anayechomeka waya wa kompyuta yake kwenye swichi, yaani kisanduku kinachounganisha kompyuta za ofisi, huwa ameshaingia. Utaratibu uitwao 802.1X, uliotolewa na taasisi ya wahandisi ya IEEE mwaka 2001, huufunga mlango huo. Kila tundu la swichi hupitisha maneno ya kujitambulisha tu, basi. Swichi yenyewe haihukumu. Hupeleka maelezo kwa seva, nayo seva hujibu: aingie, au asiingie. Bawabu si hakimu.

Tulipouanzisha katika ofisi moja, mzee mmoja wa uhasibu alinung'unika: "Mwanangu, miaka ishirini nimo humu. Leo niulizwe jina kama mwizi?" Nilimwelewa. Uaminifu wetu hujengwa kwa kuishi pamoja, si kwa neno la siri. Lakini hata jirani wa siku zote hupiga hodi, wala haoni aibu. Hodi haisemi kwamba unashukiwa. Husema tu kwamba nyumba ina wenyewe.

Kisha likaja agizo: tundu la ofisi ya mkubwa liachwe wazi, asisumbuliwe. Hapo ndipo nilipoliona tusi lenyewe. Kuulizwa si fedheha. Fedheha ni kuulizwa wewe huku mwenzio akipita kimya. Nilimweleza mkubwa kwamba tundu lililo wazi humpokea yeyote atakayeingia chumbani mwake. Akakubali, kwa shingo upande.

"Na mkubwa naye anaulizwa?" mzee aliniuliza baadaye.

"Naye, mzee wangu."

"Basi sawa."

Utaratibu huu una mipaka. Mashine ya kuchapa isiyoweza kujieleza hutambuliwa kwa anwani yake tu, na anwani huweza kuigwa. Tena seva hujua jina la mtu, haijui nia yake. Mwenye neno la siri halali aweza kuingia na kuiba. Kwa hiyo sidai kwamba mlango unaouliza huzaa uaminifu. Nadai jambo dogo zaidi: maadamu hatuwezi kuisoma mioyo ya watu, haki inatutaka tuwaulize wote kwa sauti moja.