Haya Hii ni ya Nani?

Kwa sehemu ya nje ya uke, wengi wetu tumekua na maneno mawili tu: tusi la mtaani, na "huko chini". Ndiyo maana najiuliza: kunyamaza kuhusu mwili wa mwanamke ni heshima kweli, au ni dhuluma iliyojifunga leso?

Chukua laikeni sklerosasi. Ni ugonjwa wa ngozi: unawasha hasa usiku, ngozi inakuwa nyeupe na nyembamba, inachanika, na makovu hubadilisha hata umbo. Hauambukizwi. Hautokani na uchafu wala kulala na watu. Lakini dada akinong'ona kwa chemisti ati anawashwa, anapewa dawa ya fangasi. Akirudi, anapewa nyingine. Mwishowe anaambiwa ugonjwa wake ni sugu.

Sugu vipi, jameni? Dawa ya kwanza ni steroidi kali ya kupaka, klobetasoli ya asilimia 0.05, kila usiku kwa mwezi hivi, kisha inapunguzwa polepole. Wengine huogopa onyo la kwenye pakiti na kuacha mapema. Kabla ya kusema dawa imeshindwa, daktari anafaa kuangalia kwa macho, kuuliza inapakwa wapi na sabuni gani inatumika, na ikibidi kipande cha ngozi kipimwe maabara. Ikishindwa kweli, kuna takrolimasi ya kupaka, au sindano ya steroidi palipo na ngozi nene. Leza inasifiwa sana, ila ushahidi wake bado ni mdogo.

Mwaka 2015, watafiti wa Australia walichapisha habari za wanawake 507. Kati ya 357 waliofuata matibabu vizuri, hakuna aliyepata saratani ya hapo wala mabadiliko ya seli yanayoweza kuitangulia. Kati ya 150 waliofuata nusunusu, 7 walipata saratani hiyo au mabadiliko hayo.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Sawa, lakini walimlenga mgonjwa. Mimi naona siri na aibu si kitu kimoja. Siri ni yake. Ataamua amwambie nani. Aibu alibebeshwa na waliomnyima neno, na daktari aliyeandika dawa bila kuangalia. Kwa hivyo wajibu wa kuanza mazungumzo si wa anayewashwa peke yake. Ni wetu sisi tuliomfundisha kunong'ona.