Mwenzako Akiugua, Mawazo Mema ni Kazi ya Nani?

Kuna neno ambalo wagonjwa wengi wamelisikia mpaka limewachosha: "Punguza mawazo." Mama anarudi kutoka kliniki, iwe Embu mjini au Nkubu, ameambiwa presha imepanda au sukari imezidi. Mumewe anamwambia, "Mama Kendi, usiwaze sana. Furahi tu, utapona." Jirani anamletea uji, naye anasema hivyo hivyo. Wote wanampenda. Lakini usiku taa ikizimwa, mama huyo yuko macho. Sasa ana mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza: anajilaumu kwa sababu hata hiyo furaha aliyoagizwa haipati.

Basi leo, ninyi mume na mke, tuulizane pamoja. Je, ni kweli kwamba mawazo mema huleta afya? Na kama ni kweli, ni nani katika nyumba anayepaswa kuyaleta?

Tuanze na lililo kweli. Moyo wa mtu na mwili wake ni majirani wa ukuta mmoja. Mmoja akipiga kelele, mwingine halali. Ukikutana na ndovu kando ya msitu wa Mlima Kenya, mwili humwaga homoni za hofu. Moyo hupiga mbio, sukari hupanda katika damu, na miguu hupata nguvu za kukimbia. Hiyo ni zawadi nzuri kwa dakika kumi. Lakini hofu ikikaa miezi kumi, kwa sababu ya karo, deni la duka au ugomvi wa shamba, mwili huendelea kujihami bila kupumzika. Usingizi hupotea, presha hukataa kushuka, na mgonjwa wa kisukari huona vigumu kuituliza sukari yake.

Kuna uchunguzi mmoja ambao kila nyumba ingefaa kuujua. Ulitolewa mwaka 2005 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani. Walichukua watu 42 walio katika ndoa pamoja na wenzi wao, wakawatia malengelenge madogo ya makusudi mkononi, kisha wakapima siku za kupona. Mara ya kwanza, mume na mke walizungumza kwa kutiana moyo. Mara ya pili, walizungumza jambo wanalogombania. Baada ya mazungumzo ya ugomvi, vidonda vilichelewa kupona kwa siku moja hivi. Na wale wenye tabia ya kushambuliana kwa maneno, vidonda vyao vilipona kwa kasi ya asilimia 60 tu ya kasi ya wale waliosemezana kwa upole.

Tafakari jambo hilo, mpendwa msomaji. Kidonda kilikuwa kile kile. Kilichobadilika ni sauti iliyosikika chumbani. Wahenga walisema maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Kumbe hata ngozi huyasikia.

Lakini tusivuke mpaka. Wako wanaofundisha kwamba mtu akiwaza kupona, atapona. Na asipopona, basi hakuwaza vizuri. Fundisho hilo si la kweli, tena lina ukatili ndani yake. Mwaka 2007 ulitolewa uchunguzi mwingine wa Marekani, wa wagonjwa 1,093 wa saratani ya kichwa na shingo. Walioingia katika matibabu wakiwa na moyo mchangamfu hawakuishi muda mrefu kuliko walioingia wakiwa na huzuni. Uchangamfu unaweza kuzifanya siku za mgonjwa ziwe nyepesi, na hilo si dogo. Lakini uvimbe hausikilizi amri ya mawazo.

Tumeyaona hayo hata karibu na kwetu. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu, wakiwemo Wakenya wengi, walisafiri hadi kijiji cha Samunge huko Loliondo, Tanzania, kunywa kikombe cha dawa ya mizizi cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Kikombe kiliuzwa shilingi 500 za Tanzania. Wengi walirudi wakiwa na nyuso za furaha, wakasema wanajisikia wazima. Tumaini lile lilikuwa la kweli mioyoni mwao. Lakini waliokuwa na virusi vya ukimwi au kisukari, wakaziacha dawa za hospitali kwa sababu wanajisikia vizuri, walijiweka hatarini. Kujisikia mzima na kuwa mzima ni mambo mawili. Tumaini jema hutembea pamoja na vidonge, halivitupi chooni.

Sasa tuje kwenye swali la pili, ambalo ndilo zito. Mkumbukeni Ayubu. Rafiki zake walipomjia walikaa naye chini siku saba mchana na usiku, kimya. Hapo walifanya vema kabisa. Walikosea walipofungua midomo na kuanza kumweleza kwamba mateso yake yametokana na kosa lake. Kila tunapomwambia mgonjwa, "Huponi kwa sababu unawaza vibaya," tunarudia kosa la rafiki zake Ayubu, ingawa tunalisema kwa sauti ya huruma.

Kwa maoni yangu, mawazo mema ndani ya nyumba yenye ugonjwa ni kazi ya yule mzima kwanza. Mgonjwa amebeba maumivu. Usimbebeshe na tabasamu. Wewe uliye na nguvu ndiwe unayepaswa kuifanya nyumba iwe mahali ambapo mtu anaweza kuwa na tumaini. Furaha ya mgonjwa ikija, tushukuru. Isipokuja, tusimdai kama deni.

Na tusisahau kwamba mawazo yana chanzo. Mwaka 2014 Uingereza ilipopiga marufuku miraa, baada ya Uholanzi kufanya hivyo mwaka uliotangulia, nyumba nyingi za Igembe zilipoteza soko. Mwezi wa Mei 2024 kaunti za Mombasa na Kilifi zilipopiga marufuku muguka, wasiwasi uliingia kwa wakulima wa Mbeere, mpaka Mahakama Kuu ya Embu iliposimamisha amri hizo kwa muda. Je, baba wa nyumba ya namna hiyo anayelalamika kifua na kukosa usingizi, utamwambia "waza mema" kisha uende kulala? Hapana. Wazo jema kwake ni mke anayesema, "Baba Mwenda, lete daftari, tuhesabu pamoja. Tuna nini, tunadaiwa nini, na kesho tunaanza na lipi?" Mzigo uliohesabiwa na watu wawili hauogopeshi kama ule anaouhesabu mmoja gizani. Na asubuhi aende hospitali apimwe moyo, kwa maana si kila kifua kinachouma kinauma kwa mawazo.

Utaniuliza: "Je, ili kumtia moyo mwenzangu, naweza kumficha ukweli wa daktari?" Wengi hufanya hivyo kwa upendo. Lakini mgonjwa huusoma uso wako kabla hujanena. Akigundua kwamba unamficha, atabaki peke yake: wewe utaigiza furaha upande huu wa kitanda, naye ataigiza upande ule. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha habari huumbuliwa na machozi yake mwenyewe. Muulize kwanza anataka kujua kiasi gani, kisha mwambie kwa upole, kidogo kidogo, ukiwa umemshika mkono. Tumaini halihitaji uongo. Kuna tumaini la kupona. Pale ambapo hilo limepungua, kuna tumaini la kulala bila maumivu, la kumwona mtoto akimaliza shule, la kupatana na ndugu, la kutoachwa peke yake. Mwenzako akikosa la kwanza, msaidie kulipata lingine lililo kweli.

Kwa hiyo, wiki hii jaribuni haya:

1. Chagueni saa moja ya jioni ambayo hamtazungumzia deni, shamba wala makosa ya zamani. Ongeeni tu, au kaeni kimya pamoja.

2. Mzima amsindikize mgonjwa kliniki hata mara moja, ayasikie maneno ya daktari kwa masikio yake, na ajue majina ya dawa na saa zake.

3. Badala ya kusema "usiwaze", uliza "unawaza nini?" Kisha sikiliza mpaka mwisho, usikimbilie kutoa jibu.

4. Uliye mzima nawe upumzike. Mwombe dada, shemeji au jirani akupokee zamu, kwani aliyechoka kupita kiasi hana utulivu wa kumgawia mwenzake.

Maswali ya kujadiliana mume na mke: Mara ya mwisho nilipougua, ni neno gani ulilolisema likanipa nguvu? Ni neno gani liliniumiza, nami nikanyamaza? Siku zikiwa ngumu zaidi, ungependa nikuambie ukweli kwa namna gani? Afadhali kuyajibu maswali haya leo, mkiwa mmeketi jikoni na chai mkononi, kuliko kuyatafutia majibu kwa mara ya kwanza kwenye benchi la hospitali.