Samaki Wangali Wengi Baharini

Waingereza wana msemo wa kumfariji kijana aliyekataliwa na mchumba. Humwambia: samaki wangali wengi baharini. Yaani, usilie, utapata mwingine. Aliyekosa kazi naye huambiwa hivyo hivyo. Tukiupima msemo huu, twaona una madai mawili: kwamba bahari haiishi, na kwamba samaki mmoja ni sawa na mwenziwe.

Dai la kwanza hata wenye elimu waliliamini. Mwaka 1883, mjini London, bwana Huxley alinena kwamba uvuvi mkubwa wa baharini hauwezi kumaliza samaki. Mwaka 1992 Kanada ililazimika kuufunga uvuvi mashuhuri wa Newfoundland, maana samaki wale walikuwa karibu kwisha.

Lakini dai la pili ndilo linalotugusa sisi wa Mwanza. Ziwa letu lilikuwa na furu, samaki wadogo wa aina mamia, na nyingi hazikupatikana popote pengine duniani. Katika miaka ya 1950 na 1960 sangara aliletwa ziwani kwa upande wa kaskazini. Katika miaka ya 1980 alienea katika ghuba yetu. Wataalamu hukisia kwamba aina zipatazo 200 za furu zimetoweka. Je, samaki walipungua? La, kwa mizani waliongezeka, na viwanda vikajengwa vya kupeleka minofu Ulaya. Mwenye kiwanda angeusema msemo ule bila kukosea. Bali mama aliyeanika furu juani akawauza kwa bei ndogo hakupata badala yake. Sangara ana mafuta mengi, haaniki, hutaka moto na kuni.

Basi mfariji na aulize kwanza ni kitu gani kilichopotea. Kazi iliyotakwa kwa ajili ya mshahara, kazi nyingine yaweza kuwa badala yake. Lakini Waingereza wenyewe, kwa adabu yao, hawamwambii mjane maneno haya siku ya maziko. Wanajua, ingawa hawasemi, kwamba yana mpaka. Naona kijana yule wa mchumba yu karibu na mjane kuliko tunavyodhani: hakulilia kukosa mke, alimlilia mtu mmoja.

Sokoni Mwanza sato wangali wengi. Walio wengi ni wa aina iliyoletwa ziwani kutoka kwingine katika miaka ya 1950. Ngege, sato wa wazee wetu, amebaki zaidi katika viziwa vya kando. Naye mnunuzi, akiulizwa, husema amenunua sato.