Ua Lisiloachwa Juani

Wapenzi wakatekumeni, katika sura ya 6 ya Injili ya Mtakatifu Mateo, Bwana wetu Yezu Kristu anatufundisha kuyatazama maua ya porini, ili mioyo isisumbuke kwa ajili ya mavazi. Lakini mwanzoni mwa sura hiyo hiyo anatoa onyo jingine: mtu asitende mema kwa kusudi la kuonekana na watu. Mafundisho hayo mawili yanakutana wapi? Sikilizeni mfano huu.

Katika nyanda za juu za Kivu, penye baridi, pareto ilikuwa imekwisha kulimwa kabla ya nchi kupata uhuru mwaka 1960. Mmea huo asili yake ni Dalmatia, kule Ulaya. Ua lake ni jeupe na katikati yake ni manjano, nalo hutoa dawa ya kuua wadudu.

Huko alikaa mkatekumeni mmoja, naye alibakiza majuma machache tu kuufikia ubatizo wake. Alikuwa na rafiki wa tangu utoto. Walichunga mbuzi pamoja na kula katika chungu kimoja. Rafiki huyo alikopa fedha kwake ili ampeleke mtoto hospitali, akashindwa kuilipa. Tangu hapo alipita njia ya nyuma, wasije wakaonana. Miaka 3 ikaisha hivyo.

Asubuhi moja, jua halijapanda bado, mtu akapiga hodi. Alikuwa ni yule rafiki, ameshika viazi vichache vya kuchoma vilivyofungwa katika jani la mgomba. Akasema, "Ndugu yangu, fedha bado sina. Lakini pareto imechanua kule juu. Twende leo tukaitazame, kama tulivyofanya tulipokuwa watoto."

Mkatekumeni akalitazama jembe lake. Maharagwe yalikuwa yakingoja palizi. Akawaza moyoni, "Anadaiwa, naye anataka matembezi!" Hata hivyo akachukua fimbo yake, akamfuata.

Walipanda bila kusema neno, hata jua likawa kali. Walipofika, kumbe! Mteremko wote ulikuwa mweupe, na upepo ulipopita maua yote yaliinama pamoja. Wakaketi juu ya jiwe, wakagawana viazi. Mmoja akamkumbuka yule beberu aliyewaangusha mtoni zamani, akaanza kucheka. Mwenzake naye akacheka. Ndipo mkatekumeni aliposema, "Ndugu, deni lile limekwisha. Tusilitaje tena." Rafiki yake akainamisha uso, akalia.

Karibu nao mama mmoja alikuwa akichuma kwa vidole, ua kwa ua. Mkatekumeni akamwuliza, "Mama, mbona hamyaachi shambani maua mazuri hivi?"

Mama akajibu, "Mwanangu, uzuri wake ni wa siku chache. Dawa imo ndani, katika moyo wa ua. Tunayakausha, na kilo 4 au 5 za maua mabichi zinabaki kilo 1 tu. Yakisha kukauka tunayaweka gizani, kwa maana mwanga wa jua huila dawa. Ukiyaacha nje ili wapita njia wayasifu, utabaki na makapi."

Jioni wazee waliokuwa wakiota moto walimwuliza mkatekumeni, "Umeshinda wapi na mdeni wako?" Jibu lilikuwa tayari mdomoni mwake: "Nimemsamehe!" Tena lilikuwa tamu kama asali. Lakini akayakumbuka maua yaliyowekwa gizani. Akajibu tu, "Tulikwenda kutazama pareto." Wazee wakamcheka, wakimwita mvivu aliyeyaacha maharagwe yake katika magugu. Naye akanyamaza.

Wapenzi, fikirini. Kama angalisema, wazee wangalimsifu, lakini kesho yake rafiki angalipita tena njia ya nyuma kwa aibu. Msamaha unaotangazwa humtwika mdeni mzigo wa pili: jana alidaiwa fedha, leo anadaiwa shukrani mbele ya kijiji kizima. Ule unaofichwa humwacha atembee wima. Wanadamu waliona siku iliyopotea bure. Mungu Baba, aonaye yaliyo sirini, aliona dawa iliyohifadhiwa vema.

Basi, wewe unayejitayarisha kwa maji ya ubatizo, je, yuko mtu anayekwepa njia ya mlango wako? Usingoje sikukuu, wala usingoje alete fedha. Akija kukuita, mfuate. Asipokuja, nenda wewe ukapige hodi. Palizi itangoja siku moja, lakini mwanadamu naye hupita upesi kama ua.

Kusudi la juma hili: Kumsamehe mtu mmoja kwa moyo wote, na kutomwambia mtu mwingine yeyote habari hiyo.