Rasimu na Ukamilifu: Swali la Kimaadili katika Albamu ya Nebraska

Ni lini kazi ya sanaa husemekana kuwa imekamilika, na ni nani mwenye kauli ya mwisho kuhusu ukamilifu huo? Tangu Aristotle adai kuwa tanzia kamili sharti iwe na mwanzo, kati na mwisho, wahakiki wengi wamelitafuta jibu katika umbo la kazi yenyewe. Makala haya yanashikilia kuwa swali hili ni la kimaadili pia, maadamu kukamilisha ni kuamua msanii anadaiwa nini na watu anaowasawiri.

Albamu ya Nebraska, iliyotolewa Septemba 1982, ni mfano mwafaka. Mapema mwaka huo mtunzi Mmarekani, Bruce Springsteen, alijirekodi katika nyumba aliyokuwa akiishi huko Colts Neck, New Jersey, kwa mashine ndogo ya kanda yenye nafasi nne tu za kunasia sauti. Nia yake haikuwa kutoa albamu. Nyimbo hizo zilikuwa rasimu za kuionyesha bendi yake ili izikamilishe studioni. Bendi ilijaribu, lakini nyingi kati yazo, kwa maoni ya mtunzi, zilipopambwa zilipoteza uhai wake. Hatimaye kanda ile ile, aliyokuwa akitembea nayo mfukoni bila kasha, ndiyo iliyotolewa.

Sababu ya uamuzi huo inadhihirika katika wahusika. Katika “Johnny 99”, mfanyakazi aliyepoteza kazi baada ya kiwanda cha magari cha Mahwah kufungwa anampiga risasi karani wa zamu ya usiku, naye anahukumiwa kifungo cha miaka 99. Katika “Highway Patrolman”, askari anayemfuatia nduguye mhalifu anasimamisha gari na kumwacha avuke mpaka kuingia Kanada. Wimbo haumhukumu askari huyo wala haumtetei. Msikilizaji ndiye anayeachiwa mzigo wa kuamua kama undugu waweza kuitangulia sheria. Ala nyingi zingemwamulia, kwa kumwelekeza ahuzunike wapi na afarijike wapi. Kumpa mhusika faraja ambayo maisha yalimnyima ni uongo, hata ukiwa uongo unaopendeza sikioni.

Hata hivyo, upungufu wenyewe si fadhila. Kwanza, Springsteen alikuwa na hiari, kwani studio na bendi vilikuwa vikimngoja. Msanii asiyeweza kulipia studio aghalabu hasifiwi kwa usahili bali hulaumiwa kwa uduni. Mhakiki anayeusifu ukata wa kuchagua huku akiudharau ukata wa lazima anahukumu jina la msanii, wala si kazi yake.

Pili, “Born in the U.S.A.” pia ulirekodiwa nyumbani katika kipindi hicho, lakini ukatolewa mwaka 1984 ukiwa na kishindo cha bendi nzima. Kishindo hicho kiliufikisha kwa mamilioni ya watu. Papo hapo kiliwafanya wengi wausikie kama wimbo wa kujivunia taifa, ilhali maneno yake ni kilio cha askari aliyerudi kutoka vita vya Vietnam akakosa kazi. Mapambo, basi, yaliupa wimbo hadhira na kumnyang’anya mhusika sauti. Faida na hasara hizo haziwezi kupimwa kwa kanuni moja. Kila wimbo hudai hukumu yake.

Nadharia ya fasihi simulizi yaweza kusaidia hapa, kwa kuwa kwayo kila utendaji ni kamili kwa wakati wake na hadhira yake. Lakini fanani akikosea leo hurekebisha kesho, ilhali kanda ikishatolewa haina kesho. Ndiyo maana uamuzi wa kuacha kuongeza ni mzito. Majaribio ya bendi yaliyotolewa mwaka 2025 yamempa msikilizaji nafasi ya kulinganisha, na kwa hiyo kauli ya mtunzi peke yake haitoshi tena.

Kipimo kinachobaki ni cha kimaadili. Kazi imekamilika pale ambapo nyongeza inayofuata itamfaidi msanii au msikilizaji kwa gharama ya mhusika.